Valvu ya moyo ina hitilafu: mwongozo kamili kwa mgonjwa wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Huku kwetu ugonjwa wa valvu za moyo hupata pa kujificha. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na vijiji vingi vya Makete viko juu zaidi. Mtu akipanda kilima akahema kupita wenzake, anasema ni mlima. Akikohoa usiku wa mwezi wa saba, ni baridi. Miguu ikivimba jioni, ni kusimama sana sokoni. Kijana akishindwa kubeba gunia la viazi ambalo mwaka jana alilibeba mwenyewe, anaitwa mvivu. Mpaka siku daktari anapoweka kipimo kifuani, akasikia mvumo usiostahili kuwepo, akaagiza eko, yaani kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo aliyetoka chumba cha eko na karatasi mkononi, pamoja na ndugu aliyemsindikiza. Hauchukui nafasi ya daktari aliyekupima. Msimamo wangu utauona kila hatua: ugonjwa huu unatawaliwa na kalenda kuliko kisu. Sindano kwa tarehe yake, kidonge kwa saa yake, eko kwa mwezi wake. Mgonjwa anayeacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri ananitia hofu kuliko yule anayelalamika kila siku.

Hatua ya 1: Usiondoke kabla hujajua mambo manne

Moyo una valvu 4: mitrali, aota, trikuspidi na palmonari. Kila moja ni mlango wa damu, na mlango huharibika kwa namna mbili: ama haufunguki wote, ama haufungi vizuri. Wa kwanza husemwa umebana, wa pili unavuja. Valvu moja inaweza kubeba makosa yote mawili.

Muulize daktari: ni valvu ipi? Imebana au inavuja? Kwa kiwango gani, kidogo, cha wastani au kikubwa? Chanzo ni nini? Karatasi ya eko imeandikwa Kiingereza cha madaktari, kwa hiyo mwombe majibu hayo kwa Kiswahili na uyaandike kwenye daftari hapo hapo. Nunua daftari la jalada gumu. Kila kitu kitaingia humo: majina ya dawa, uzito, tarehe za sindano, majibu ya damu. Piga picha ya karatasi ya eko kwa simu, kisha umtumie ndugu mmoja unayemwamini. Karatasi hulowa, hupotea, husahaulika kwenye basi.

Mambo mawili kwenye karatasi hiyo huwatisha watu bure. La kwanza ni neno la kuvuja. Uvujaji mdogo sana huonekana hata kwa watu wenye moyo mzima kabisa, na daktari anaweza kukwambia hauhitaji chochote. La pili ni asilimia ya moyo kusukuma damu. Ukiona 60, usidhani moyo umebaki na alama 60 kati ya 100. Moyo wenye afya husukuma kuanzia 55 hivi hadi 70, na hakuna moyo unaotoa damu yote kwa pigo moja. Lakini kwa mwenye valvu ya mitrali inayovuja sana, hiyo 60 madaktari huiangalia kwa jicho lingine, maana ni dalili kwamba muda wa kufikiria upasuaji umekaribia. Ndiyo sababu namba moja peke yake, ikisomwa na jirani aliyewahi kufanya kazi famasi, haisemi kitu.

Ukiwa na valvu iliyobana, uliza upana wake. Mitrali ya kawaida hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6, ikifika 1.5 au chini yake, hali ni kubwa. Kwa aota, kikomo hicho ni kama 1.

Hatua ya 2: Jua chanzo, maana ndicho kinachoamua matibabu

Kwa watoto na vijana wa kwetu, chanzo kinachoongoza ni homa ya rumatiki. Mtoto hupata mafindofindo ya bakteria aina ya streptokoka. Koo linapona, lakini baada ya wiki chache kinga ya mwili wake inageuka na kushambulia viungo na moyo. Magoti yanavimba, maumivu yanahamia kwenye kiwiko, kisha yanakwisha. Familia inasahau. Miaka 10 baadaye binti anapata mimba ya kwanza, anashindwa kulala chali, na hapo ndipo valvu inaonekana.

Wapo waliozaliwa na hitilafu, kwa mfano valvu ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu, ambayo wanayo mtu 1 hadi 2 kati ya 100. Kwa wazee, valvu ya aota hukakamaa kwa chokaa ya umri. Na wapo ambao bakteria waliingia kwenye damu wakaila valvu moja kwa moja.

Kurogwa hakumo kwenye orodha hii. Ukiwa na mzee nyumbani anayetaka upelekwe kwa mganga kwanza, usigombane naye. Mpeleke kliniki asikie mwenyewe maelezo. Jambo moja tu usilikubali: kuacha vidonge ili dawa ya mganga ifanye kazi.

Hatua ya 3: Sindano ya penisilini, kama chanzo ni rumatiki

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kwa gharama ndogo, na ndiyo inayoachwa kwa urahisi kuliko zote. Penisilini ya benzathini huchomwa kwenye msuli kila wiki 4, na kwa baadhi ya wagonjwa kila wiki 3. Kazi yake ni kuzuia mafindofindo mapya, maana kila shambulio jipya huongeza kovu kwenye valvu. Haiponyi kovu lililopo. Kwa ambaye valvu imeshaharibika, huendelea angalau miaka 10, na mara nyingi hadi umri wa miaka 40.

Kama unaona ni kazi bure kumchoma mtoto anayecheza mpira vizuri, sikiliza ya jirani zetu. Kaskazini mwa Uganda, watafiti walichukua watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa kwenye eko. Nusu walichomwa sindano kila wiki 4, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 tu wa kundi la sindano, na 33 wa kundi la pili. Matokeo yalichapishwa 2021.

Namna ya kuifanikisha: chagua kituo kilicho karibu, hata kama ni cha Mafinga au Tukuyu, na uombe daktari akuandikie barua ya kukipa kituo hicho maelekezo. Piga simu siku 3 kabla kuuliza kama dawa ipo. Ikiwa haipo una muda wa kutafuta kwingine. Mtoto aliye bweni, matroni apewe tarehe zote za muhula kwa maandishi. Siku ya sindano ale, anywe maji, achomwe akiwa amelala, kisha akae nusu saa kituoni. Mtu mwenye valvu iliyobana sana au moyo uliochoka amuulize daktari kama vidonge vya penisilini vya kila siku vinamfaa zaidi, kwa kuwa moyo dhaifu unaweza kushindwa kuvumilia mshtuko wa sindano. Na kama mwili wako hukataa penisilini, liandike hilo ukurasa wa kwanza wa daftari kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya 4: Vidonge, na hasa wafarini

Hakuna kidonge kinachonyoosha valvu. Vilivyopo hupunguza maji mwilini, hutuliza mapigo, na huzuia damu kuganda. Dawa ya kukojoza, ambayo wengi huiita Lasix, inywe asubuhi ili usiku ulale.

Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndiyo inayohitaji akili. Hupewa mtu mwenye valvu bandia ya chuma, na pia mwenye mitrali iliyobana ambaye mapigo yake yamepoteza mpangilio, kwa kuwa damu yake inaweza kuganda ndani ya moyo na kurusha bonge hadi kwenye ubongo. Hicho ndicho kiharusi cha kijana wa miaka 30 ambacho mtaani hupewa majina mengine. Kuna dawa mpya za kuzuia damu kuganda ambazo hazihitaji kupimwa mara kwa mara, na ndugu wa mjini atakushauri uhamie huko. Usihame. Kwa valvu ya chuma hazifai, na utafiti mkubwa wa 2022 kwa wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo yasiyo na mpangilio ulionyesha kwamba dawa za kundi la wafarini ziliwalinda vizuri zaidi.

Kipimo chake kinaitwa INR: namba ikipanda damu inachelewa kuganda, ikishuka inaganda upesi. Kwa wengi lengo ni kati ya 2 na 3. Mwenye valvu ya chuma upande wa mitrali mara nyingi hupandishwa, 2.5 hadi 3.5. Lengo lako lijue kama unavyojua namba yako ya simu. Kabla ya kupanda daladala kwenda kupima, piga simu maabara uulize kama vitendanishi vipo.

Kidonge cha wafarini kinywe jioni saa ile ile. Ukisahau, ukakumbuka kabla ya siku kuisha, kimeze. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha siku hiyo tu bila kuongeza maradufu, kisha andika. Usitambue kidonge kwa rangi, kwa kuwa kiwanda kikibadilika rangi inaweza kubadilika. Soma miligramu.

Chakula sasa. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo huvuta INR chini. Watu huambiwa waache mchicha, nao wanaacha, mwezi unaofuata wanachoka wanarudi kula kwa wingi, INR inapanda na kushuka. Ushauri sahihi ni kula kiasi kile kile wiki zote. Tatizo la kwetu ni majira. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikinyesha, majani ya maboga, matembele na figiri yamejaa shambani na kila mlo una mboga. Kiangazi kikikaza, mboga inapungua, na INR inaweza kupanda bila wewe kubadili kidonge hata kimoja. Kwa hiyo omba upimwe mapema majira yanapobadilika. Parachichi kula, lakini usianze ghafla kula matatu kwa siku kwa sababu Rungwe yameshuka bei.

Duka la dawa baridi ndilo lenye hatari kubwa kuliko shamba. Flagyl na Septrin, ambazo watu huzinunua kwa tumbo la kawaida, hupandisha INR kwa nguvu. Dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini huishusha. Diklofenaki na ibuprofeni huleta damu tumboni na pia huzuia maji mwilini, kwa hiyo hata asiyetumia wafarini azikimbie. Maumivu ya kawaida, Panadol kwa kiasi. Tangawizi na vitunguu swaumu vya kwenye mboga havina neno; vya kukamuliwa kikombe kizima kwa jina la kusafisha damu viache. Ulanzi na komoni vivyo hivyo: anayelewa Jumamosi huivuruga INR ya wiki nzima.

Mwambie kila muuguzi kwamba unatumia wafarini kabla hajakuchoma sindano ya msuli. Choo cheusi kinachonata, fizi zisizoacha kutoa damu, mkojo mwekundu, au kichwa kuuma sana baada ya kuanguka: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Nyumbani, jikoni na shambani

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, ikijumlisha ile isiyoonekana. Isiyoonekana imo kwenye samaki wa chumvi, viungo vya pakiti vya kuungia mchuzi, na magadi. Hayo magadi yanayolainisha maharage yana sodiamu ile ile inayovuta maji mwilini. Loweka maharage usiku kucha, yataiva.

Pima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, ukiwa na nguo zile zile. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 2 au 3, hayo ni maji, hujanenepa. Wasiliana na kliniki. Kama huna mizani, bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba kila jioni. Shimo likibaki, andika. Hesabu pia mito unayolalia. Uliyelala na mmoja ukahamia mitatu, mapafu yanakwambia jambo.

Kazi isiachwe yote. Mwenye tatizo dogo alime, acheze, abebe. Mwenye valvu iliyobana sana aachane na lumbesa, kupasua kuni kwa shoka na kusukuma mkokoteni mlimani. Kipimo rahisi ukitembea: kama huwezi kumaliza sentensi moja bila kukatisha ili uhemee, punguza mwendo. Waeleze wa nyumbani mapema. "Mama, daktari amesema nisibebe mizigo mizito, lakini palizi nitafanya" ni maneno yanayozuia manung'uniko ya miezi mingi.

Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Hewa ile huua hata wenye moyo mzima. Usilale nalo.

Hatua ya 6: Meno, na homa isiyokwisha

Bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu hupenda kutua kwenye valvu yenye kovu au valvu bandia. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na kabla ya kung'olewa jino mwambie daktari wa meno una tatizo la valvu, ili ashauriane na daktari wa moyo kama unahitaji antibiotiki kabla. Usisubiri aulize.

Homa ikidumu siku kadhaa, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, usikubali kupewa dozi ya malaria tena na tena, wala usinunue antibiotiki mwenyewe. Omba damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha vijidudu kabla ya dawa yoyote. Antibiotiki ya dukani huficha ugonjwa huku valvu ikiendelea kuliwa.

Hatua ya 7: Rufaa na safari

Ufuatiliaji mwingi unaweza kufanyika huku huku. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya huhudumia Nyanda za Juu Kusini, na hospitali za rufaa za mikoa nazo zina madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Kwa upasuaji na kutanua valvu, wengi huelekezwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, eneo la Muhimbili, Dar es Salaam. Wa Iringa muulize daktari pia kuhusu Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ambayo ni karibu zaidi. Na fuatilia matangazo ya tiba mkoba, pale mabingwa wa moyo wanapokuja mikoani. Siku hizo foleni ni ndefu, nenda na eko ya zamani.

Kabla ya kuondoka uwe na barua ya rufaa, karatasi zote za eko, daftari, na kadi ya bima kama unayo. Bila bima, anza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali inayokupa rufaa, kabla hujauza ng'ombe. Uliza gharama kwa maandishi, na uliza ni nini hasa kitafanyika safari hii. Familia nyingi hukusanya fedha za upasuaji kumbe miadi ni ya kupimwa tu.

Basi la Mbeya kwenda Dar ni siku nzima. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye buti. Lasix ya siku hiyo muulize daktari kama unaweza kuinywa ukifika, maana basi halisimami kila unapohitaji kuchimba dawa. Likisimama, shuka, nyoosha miguu. Panga kufika stendi ya Mbezi Magufuli siku moja kabla ya miadi.

Hatua ya 8: Ikifika zamu ya kutengeneza

Mitrali iliyobana, kama haijakakamaa sana na haivuji sana, inaweza kutanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, kifua bila kufunguliwa. Uliza hilo kwanza. Inayovuja wakati mwingine hushonwa ikabaki yako. Ikishindikana, hubadilishwa.

Valvu ya chuma, ambayo kwa kweli hutengenezwa kwa kaboni maalumu, hudumu miongo mingi lakini inadai wafarini maisha yote. Valvu ya tishu ya ng'ombe au nguruwe mara nyingi hudai wafarini miezi michache tu, lakini huchakaa, kwa kawaida baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa vijana mapema zaidi. Muislamu asione haya kuuliza valvu imetoka kwa mnyama gani. Maoni yangu: anayeishi Ludewa ndani, mbali na maabara ya INR, aliseme hilo wazi kabla ya kuchagua. Daktari aliyezoea mgonjwa wa Dar anaweza asilifikirie.

Kwa aota iliyobana sana, kuzimia ukiwa kazini au kifua kubana ni dalili kwamba kusubiri msimu wa mavuno uishe ni hatari kuliko upasuaji.

Kwa binti na mama

Wakati wa ujauzito damu huongezeka kwa karibu nusu, na mitrali iliyobana hushindwa kuipitisha. Wafarini nayo inaweza kudhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na 12. Kwa hiyo mimba ipangwe na daktari wa moyo kabla, na ikitokea bila kupangwa, nenda kliniki wiki hiyo hiyo bila kuacha dawa kimya kimya. Kijiti ni njia salama ya uzazi wa mpango kwa wengi. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili viepukwe kwa sababu vinasaidia damu kuganda. Mume awepo kwenye mazungumzo haya, na mama mkwe pia kama ndiye anayeuliza mjukuu.

Usisubiri kupambazuke

Kuamka usiku ukitafuta hewa, kukohoa povu lenye rangi ya waridi, kuzimia, mdomo kwenda upande au mkono kufa ganzi, maumivu makali ya kifua. Mwenye valvu ya chuma, pia pale mlio wake uliouzoea unapofifia ghafla huku pumzi ikikatika. Weka namba ya mwenye bajaji au gari jirani kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani, na mkubaliane naye bei ya usiku mchana kweupe.

Na watoto wengine wa nyumba ile ile, waliolala chumba kimoja na mgonjwa wa rumatiki, koo likiwauma kwa homa na kuvimba tezi za shingo bila mafua, wapelekwe kituo cha afya wapate dawa kamili ya mafindofindo. Kisha omba nao wapigwe eko.